Barua ya wazi kwa mjomba wangu, fundi wa Gerezani, Dar es Salaam

Mjomba, shikamoo.

Umeniuliza zaidi ya mara moja kama ni kweli kwamba huko ng'ambo wameshapata dawa ya uziwi, na kama inaweza kuuondoa huo mlio unaokuvumia masikioni tangu ungali ukifua majiko na masufuria Gerezani. Ninakujibu hadharani kwa kuwa mafundi wenzako wanauliza hilohilo.

Habari uliyoisikia ni ya kweli, ila haihusu maradhi yako. Januari 2024 madaktari wa Shanghai walitangaza matokeo ya watoto 6 waliozaliwa viziwi kwa hitilafu ya jeni moja ya urithi, iitwayo OTOF, inayotengeneza protini ya kupitishia sauti kutoka kwenye chembe za sikio hadi kwenye neva. Walidungwa ndani ya sikio virusi vilivyopunguzwa makali na kubebeshwa jeni isiyo na hitilafu, na 5 kati yao wakaanza kusikia. Chembe za watoto hao zilikuwa hai, zikipungukiwa na kitu kimoja tu. Zako, Mjomba, zimeuawa na nyundo.

Kila sikio huzaliwa na chembe za kusikia zipatazo 15,000, na kwa binadamu zikifa hazioti tena. Kuku kelele zikimharibu masikio, chembe zake huota upya (tumepitwa na kuku!), na ndiyo maana watafiti wanatafuta namna ya kuamsha uwezo huo ndani yetu. Kampuni moja ya Marekani, Frequency Therapeutics, ilijaribu kwa sindano inayopitishwa kwenye ngoma ya sikio, lakini Februari 2023 ikakiri kwamba waliodungwa dawa hawakuwazidi waliodungwa sindano isiyo na dawa. Utafiti unaendelea, ila mimi nisingekushauri uusubiri.

Kuhusu huo mlio, wataalamu wengi wanaona kwamba ubongo, ukikosa sauti ulizozizoea, hujiongezea usikivu hadi ukasikia kisichokuwapo. Hakuna dawa ya kumeza iliyothibitishwa kuuponya. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha kifaa kiitwacho Lenire, kinachochanganya sauti za masikioni na umeme mdogo kwenye ulimi ili kupunguza usumbufu wake. Hayo matone unayouziwa Kariakoo hayafiki hata kwenye chembe zenyewe, kwa sababu ngoma ya sikio huyazuia. Yakipita, ujue imetoboka.

Kwa hiyo naomba twende kwanza ukapimwe usikivu kwenye kliniki ya masikio, pua na koo. Shimesikio, yaani kifaa cha kukuza sauti kinachovaliwa sikioni, huwapunguzia wengi mlio pamoja na kuwarudishia mazungumzo, na uziwi ukizidi mno, Muhimbili wamekuwa wakipandikiza vifaa vya kusikia ndani ya sikio tangu 2017. Nitakupitia nyumbani mapema, kabla foleni haijawa ndefu. Na yule kijana uliyemwachia meza yako, mwambie aje naye. Nimemnunulia vizibo vya masikio.