Barua ya wazi kwa mdogo wangu: kwa nini shule imefungwa na huku jua linawaka

Mdogo wangu mpendwa,

Swali lako huulizwa na wazazi wengi waliohamia majimbo ya kaskazini ya Marekani, ndiyo maana nalijibu hadharani. Jumatatu theluji ilifika kwenye vifundo vya miguu na watoto wakaenda shule. Alhamisi anga lilikuwa safi, jua linawaka, hakuna hata chembe iliyoanguka, na simu ikakuamsha alfajiri kukuambia shule imefungwa. Ukaona hawa watu wanabahatisha.

Hawabahatishi. Tatizo ni kwamba wewe unaitazama theluji iliyo mlangoni pako, wao wanaitazama barabara mbaya kuliko zote ambayo basi lazima lipite, na mtoto anayesubiri kituoni muda mrefu kuliko wote. Uamuzi ni mmoja kwa wilaya nzima ya shule. Kwako lami imeshakauka, lakini kilomita 20 mbele kuna kilima chenye kona ambacho gari la kusukuma theluji halijakifikia, na watoto wa huko ni wa wilaya hiyohiyo.

Mwenye neno la mwisho kwa kawaida ni msimamizi mkuu wa shule za wilaya. Kazi yenyewe huanza usiku. Kwenye saa 9 au saa 10 usiku, mkuu wa usafiri na wasaidizi wake wanaingia kwenye magari na kuziendesha zile njia korofi: vilima, madaraja, barabara za mashambani. Wanafunga breki makusudi ili waone gari linateleza kiasi gani. Madaraja huangaliwa kwanza kwa sababu baridi huyapiga juu na chini, hivyo huganda kabla ya barabara iliyolala juu ya udongo. Wakati huohuo wanaongea na watu wa barabara wa kaunti, wanasikiliza utabiri wa Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa, na wasimamizi wa wilaya jirani wanapigiana simu. Ikikaribia saa 11 na nusu alfajiri neno liwe limetoka, maana madereva wako njiani kwenda yadi, wapishi wanataka kuwasha majiko, na mabasi ya kwanza huondoka karibu saa 12. Wilaya nyingine hutangaza tangu jioni kama dhoruba haina shaka. Utabiri ukiwa wa wasiwasi husubiri, kwa sababu nyuzi moja tu ya joto karibu na sifuri ndiyo inayotenganisha mvua, theluji na barafu.

Sasa Alhamisi yako. Kilichofunga shule ni baridi, na baridi ina mambo mawili yasiyofanana.

La kwanza ni ngozi ya mtoto. Upepo huondoa joto mwilini, kwa hiyo wataalamu wanakokotoa baridi inavyohisiwa pamoja na upepo. Hewa ikiwa nyuzi 18 chini ya sifuri za Selsiasi na upepo wa kilomita 24 kwa saa, mwili unaihisi kama nyuzi 28 chini ya sifuri, na ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 30. Basi likichelewa kidogo tu, mtoto asiye na glavu yuko hatarini kwelikweli. Kila wilaya hujiwekea kiwango chake, na kule kulikozoea baridi kali kiwango kiko chini zaidi. Ukisikia tangazo la hali ya hewa likitoa nyuzi, kumbuka Marekani wanatumia Farenhaiti: 32 yao ndiyo sifuri yetu, na sifuri yao ni 18 chini ya sifuri kwetu. Januari 6, 2014 gavana wa Minnesota, Mark Dayton, alifunga shule zote za umma za jimbo zima kwa sababu ya baridi, na wale ni watu wasiotishwa na theluji.

La pili ni basi lenyewe. Injini haijali upepo, inajali joto halisi la hewa. Betri hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake baridi inapofika huko, na wakati huohuo oili imekuwa nzito na kuizungusha injini kunataka nguvu zaidi. Dizeli ya kawaida ina nta ndani yake. Baridi ikizidi, nta hiyo huanza kuganda na kuziba chujio. Ubaya wake ni kwamba basi huweza kuwaka vizuri yadini kwa mafuta yaliyokwisha kupita kwenye chujio, likaenda kilomita chache, kisha likazimika njiani na watoto ndani. Ndiyo maana mafundi huchanganya dizeli nyepesi zaidi na dawa ya kuzuia kuganda kabla baridi haijafika, si baada. Halafu kuna breki za upepo: unyevu ulioingia kwenye matangi ya hewa ukiganda, vali hukwama na breki hazifunguki, au hazishiki inavyotakiwa. Matangi hayo hutolewa maji kila siku, na injini huchomekwa kwenye umeme usiku kucha zisipoe kabisa. Hata hivyo, mabasi kumi yakigoma kuwaka asubuhi moja, hakuna pa kuwaweka watoto wa mabasi kumi.

Na Jumatatu je? Bila shaka ile theluji ilianguka mapema jioni. Watu hawalipi jambo hili uzito unaostahili: saa ya kuanguka ina maana kuliko kina. Sentimita 10 zilizomalizika saa 3 usiku huwapa wenye magari ya kusukuma usiku mzima. Sentimita 5 zinazoanza saa 10 alfajiri huwakuta wote barabarani pamoja. Na theluji ikianguka kwa kasi ya sentimita 2 na nusu au zaidi kwa saa, barabara iliyosafishwa hufunikwa tena kabla gari halijarudi.

Chumvi inayomwagwa barabarani nayo ina mipaka. Karibu na nyuzi 1 chini ya sifuri, kilo moja ya chumvi inaweza kuyeyusha kilo 46 hivi za barafu. Zikifika nyuzi 7 chini ya sifuri, kilo hiyohiyo inayeyusha kilo 8 au 9 tu, na kwa kujivuta. Chini zaidi ya hapo wanaongeza kloridi ya magnesi au ya kalsiamu, au wanamwaga mchanga ili tairi zipate pa kushika. Kwa hiyo usishangae theluji nyingi ya siku isiyo na baridi kali ikashughulikiwa upesi, na theluji kidogo ya siku kali ikakaa barabarani siku mbili.

Wanachokiogopa kuliko vyote ni mvua inayoganda. Hushuka kama maji, hugusa lami baridi, huwa kioo. Hakuna tairi inayoishinda. Ikifika unene wa milimita 6 huanza kuangusha matawi na nyaya, na shule isiyo na umeme haina joto wala jiko. Siku ya namna hiyo usitegemee macho. Lami itaonekana imelowa tu.

Kuna njia ya kati: kuchelewesha kufungua kwa saa mbili. Saa hizo mbili huleta mwanga, chumvi hupata muda wa kufanya kazi, msongamano wa waendao kazini hupungua, na mafundi huongezewa nafasi ya kuwasha mabasi. Kwako ina maana hizi: basi hupita saa mbili baada ya wakati wake wa kawaida, kifungua kinywa cha shule huenda kisitolewe, na darasa la awali la asubuhi mara nyingi hufutwa. Tena uamuzi huo si wa mwisho. Angalia ujumbe mara ya pili kabla hujamtoa mtoto nje, kwani hali ikigoma kubadilika, kuchelewa hugeuka kuwa kufunga.

Kuwarudisha watoto mapema mchana ndiko kugumu kuliko kote. Wazazi wako kazini, na basi moja huwahudumia wanafunzi wa sekondari kisha likarudi kwa wa msingi, kwa hiyo haliwezi kuwabeba wote kwa mkupuo. Januari 28, 2014, Atlanta, jiji la kusini mwa Marekani lisilozoea theluji, theluji isiyofika sentimita 8 ilianza kuanguka mchana. Shule, ofisi na biashara zikawaachia watu karibu saa ileile. Barabara zikajaa, tairi zikaigandamiza theluji ikawa barafu, na magari ya chumvi yakakwama kwenye foleni hiyohiyo. Maelfu ya wanafunzi walilala shuleni, na wengine walikwama ndani ya mabasi hadi usiku. Msimamizi anayefunga shule alfajiri, halafu dhoruba isije, hulaumiwa siku nzima. Mimi simlaumu. Kosa lake hugharimu siku moja.

Ila siku hiyo nayo ina bei, na haki itendeke kwa wanaosita kufunga. Kuna watoto ambao chakula chao cha uhakika ni cha shule. Kuna mama asiyelipwa asipokwenda kazini. Na majimbo mengi yanadai siku 180 za masomo au saa zake, kwa hiyo wilaya hutenga siku chache za akiba kwenye kalenda. Zikiisha, zinafidiwa Juni au kwa kukata likizo. Wengine wanahamishia masomo kwenye kompyuta. New York walifanya hivyo Februari 13, 2024, na wanafunzi wengi wakashindwa kuingia kwenye mfumo asubuhi ile. Utabiri ukiwa mbaya, kompyuta ya shule ije nyumbani na chaja yake.

Sasa yako wewe. Hakikisha shule ina namba mbili za simu, yako na ya mtu mwingine, na ukibadilisha laini uwaambie siku hiyohiyo, maana ujumbe huenda kwenye namba waliyonayo. Fomu ikiuliza lugha ya nyumbani, andika Kiswahili, na uombe mkalimani. Ukimpa jirani ruhusa ya kumpokea mtoto, jina lake liwe kwenye orodha ya shule, vinginevyo hawatamkabidhi. Kama kwenu barabara haipitiki na shule imefunguliwa, mbakize mtoto, upige simu mapema kwenye ofisi ya mahudhurio na useme sababu. Mtoto asiye na koti zito au glavu, mwambie mshauri wa shule bila kuona haya.

Na bandika karatasi kwenye mlango wa friji, kwa sababu saa zetu na zao hutuchanganya. Wakitangaza kuchelewa kwa saa mbili, hawamaanishi saa 2 asubuhi. Andika hivi: siku ya kawaida basi linapita saa 1:10 asubuhi, siku ya kuchelewa linapita saa 3:10. Mtoto atoke ndani saa 3:05, kofia imefunika masikio.

Dada yako