“Vipimo viko sawa” lisiwe jibu la mwisho kwa wagonjwa wa tezi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu ya barua nimjibu daktari aliyeandika katika ukurasa wa afya wa gazeti lako kwamba wagonjwa wa tezi ya shingo siku hizi wamekuwa wabishi: wanasoma mambo kwenye simu, kisha wanakuja hospitali kumfundisha daktari kazi. Mengi aliyosema nakubaliana nayo, hasa pale alipowakanya wanaojiongezea dozi wenyewe. Ila amezungumza kana kwamba mgonjwa akibisha, tatizo lazima liwe kwa mgonjwa. Hapo ndipo na mimi nina la kusema.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Njombe, kwetu hasa ni Makete. Kwa watu wa rika langu kule milimani, goita haikuwa kitu cha kushangaza. Bibi alikuwa nayo, mama mkubwa alikuwa nayo, na mtoto alijua kuichora shingo ya mtu mzima ikiwa na uvimbe bila kuambiwa. Ardhi yetu haina madini joto ya kutosha. Mwishoni mwa miaka ya 1980 tukaletewa vidonge vya mafuta yenye madini joto, baadaye ikaja chumvi yenye madini joto, na watoto ninaowafundisha leo hawaijui shingo ile. Namshukuru Mungu na Serikali kwa hilo. Kwangu mimi goita ilikuwa imeshashika. Ilipofika mahali ikawa inanibana pumzi usiku nikilala chali, nilifanyiwa upasuaji na tezi ikaondolewa yote. Tangu hapo naishi kwa levothairoksini, kidonge cha homoni ya kuziba nafasi ya ile ya tezi, mikrogramu 100 kila alfajiri, na nitaimeza maisha yangu yote.

Silalamikii kidonge. Bila hicho ningekuwa nimeshazikwa. Ninacholalamikia ni hiki: nakimeza kama nilivyoelekezwa, kwa maji matupu, kabla sijatia kitu tumboni, kipimo cha TSH, kile cha damu cha kuangalia kama dozi inatosha, kinasoma vizuri, na bado mimi ni mgonjwa. Naita mahudhurio, nikiinua uso kumtazama mtoto aliyeitikia, nimesahau nimefika jina gani. Kipindi cha mwisho nafundisha nimeegemea meza. Ngozi ya visigino imepasuka hadi shuka inanasa. Nilipomweleza daktari, alikuwa ameinua karatasi ya maabara kuielekeza dirishani, mkono mwingine tayari uko kwenye faili la anayefuata. “Mwalimu, vipimo vyako viko sawa.” Nikamwambia nasikia baridi sana. Akacheka kidogo, kwa upole tu, akasema, “Njombe hii nani hasikii baridi?”

Mhariri, nimezaliwa kwenye baridi hii. Nimechuma mboga Julai umande ukiwa umeganda kwenye majani. Naijua baridi ya Njombe, na naijua hii nyingine inayonikuta Novemba mchana, jua linawaka, wenzangu wamevua masweta, mimi nimevaa soksi mbili. Nilitaka ile ya pili ndiyo iandikwe kwenye faili. Haikuandikwa. Iliandikwa “hali nzuri, aendelee na dawa”.

Nataka kuwatendea haki madaktari, kwa sababu hoja yao ina msingi. TSH haitoki kwenye tezi ya shingo, inatoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na inapanda pale ubongo unapoona homoni imepungua mwilini. Maabara nyingi zinataka isome kati ya 0.4 na 4 hivi. Yangu ilikuwa 2.6. Kabla kipimo hiki hakijaenea, miaka ya 1970, madaktari walikadiria dozi kwa kumwangalia mtu na kumsikiliza, na mikrogramu 200 hadi 300 kwa siku lilikuwa jambo la kawaida. Kipimo kilipokuja kikaonyesha kwamba wengi walikuwa wanazidishiwa. Homoni ikizidi, moyo unaanza kwenda ovyo na mifupa inakonda, hasa kwa mwanamke aliyekoma hedhi kama mimi. Kwa hiyo daktari anaponikatalia mikrogramu 125, ananilinda. Hilo nalielewa na sikuwahi kumgombeza kwa hilo.

Ubishi wetu uko kwingine. Kidonge tunachopewa ni homoni inayoitwa T4. Mwili hauitumii hivyo hivyo. Unaigeuza kuwa T3, ambayo ndiyo inayofanya kazi yenyewe. Mtu mwenye tezi nzima, sehemu kubwa ya T3 yake inatokana na kugeuzwa huko, lakini kama sehemu moja kwa tano inatoka moja kwa moja kwenye tezi. Sisi tulioondolewa tezi, hiyo moja kwa tano hatunayo. Wengi mwili unaziba pengo na wanaishi vizuri. Nawajua, na mmoja anaimba kwaya na mimi. Wengine tunasema hatuko sawa, na tunauliza kama tungeweza kujaribiwa na T3 kidogo pamoja na T4. Swali hili ndilo linaloitwa ubishi.

Halikuzuliwa kwenye simu. Mwaka 1999 jarida la The New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa wagonjwa 33 nchini Lithuania, wengine wao wameondolewa tezi kwa saratani. Walipopunguziwa T4 na kuongezewa T3 kidogo, hali zao za kihisia na uwezo wao wa kufikiri vilipanda. Nilipousoma nililia, sitaficha. Lakini nikaendelea kusoma, kwa sababu mwalimu hasomi ukurasa mmoja, nikakuta majaribio mengi yaliyofuata, makubwa kuliko lile, hayakuona tofauti ya maana kwa jumla, ingawa katika baadhi yake wagonjwa walipoulizwa wangependa tiba ipi, wengi walichagua ile ya mchanganyiko. Mwaka 2012 chama cha wataalamu wa tezi cha Ulaya kikatoa mwongozo ambao kwangu mimi ni wa kiungwana kabisa: mgonjwa anayemeza T4 ipasavyo, TSH yake nzuri, sababu nyingine zimetafutwa hazikuonekana, na bado analalamika, anaweza kujaribiwa na mchanganyiko chini ya daktari bingwa, isipokuwa mjamzito au mwenye moyo unaokwenda ovyo. Baada ya miezi mitatu, kama hakuna nafuu, dawa inasimamishwa. Na mwaka 2021 wataalamu wa vyama vya Marekani, Uingereza na Ulaya walikaa pamoja wakakubaliana kwamba majaribio mapya yanahitajika, safari hii yawachukue hasa wale ambao T4 peke yake haiwaridhishi. Yaani wakubwa wa fani hii wenyewe hawajafunga mjadala. Kwa nini ufungwe kwenye chumba cha daktari wangu?

Angalia lakini neno nililoliandika hapo juu: sababu nyingine zimetafutwa. Hapo ndipo nadhani pande zote mbili tunapoteza muda kugombana. Mwenzangu mmoja wa shule ya jirani, naye ana tezi iliyolegea, haitoi homoni ya kutosha, alikuwa anazidi kuchoka na TSH yake inapanda kila akipima. Daktari akamwongezea dozi, ikapanda tena. Mwishowe akaambiwa hamezi dawa, anadanganya. Alitoka kliniki analia. Yeye akawa ameshaamua kwamba T4 haimfai na anataka T3. Siku moja jioni nilikuwa kwake, akaniandalia chai, na pale kwenye sinia la vikombe pana kopo la vidonge. Nikamwuliza anakunywa saa ngapi. Akasema asubuhi, vyote kwa mpigo: levothairoksini pamoja na vidonge vya kuongeza damu alivyopewa kliniki nyingine, na anashushia na chai ya maziwa ili visimchome tumbo. Madini ya chuma yanaikamata dawa ile tumboni isiingie kwenye damu. Inatakiwa vipishane kwa muda wa saa nne. Maziwa nayo yanaipunguza. Alipotenganisha, dozi ile ile ya zamani ikamtosha, na sasa hazungumzii tena T3.

Alikuwa mgonjwa kweli, na daktari naye alikuwa sahihi kwamba hahitaji dawa nyingine. Kilichokosekana ni swali la sekunde kumi: unaimeza na nini? Kliniki zetu zina foleni ndefu, nalijua hilo, mimi mwenyewe nina darasa lenye watoto kuliko madawati. Lakini swali hilo, na mengine mawili matatu, yangeweza kuulizwa na nesi pale kwenye kupima presha. Je, duka la dawa limekubadilishia kampuni? Kwa dawa hii inashauriwa kupima tena TSH baada ya wiki sita hadi nane kampuni ikibadilika, kwa sababu tofauti ndogo inaonekana. Dawa unaiweka wapi? Nimeona watu wanaihifadhi juu ya kabati la jikoni, kwenye joto la jiko la mkaa. Wingi wa damu umepimwa? Vitamini B12? Usingizi? Sonona? Sikasiriki nikiulizwa kuhusu sonona. Nakasirika nikiambiwa ninayo kabla sijaulizwa.

Mgonjwa anayefungiwa mlango hakai kimya, anaenda kwa anayemsikiliza. Kwenye makundi ya WhatsApp ya wagonjwa wa tezi kuna wauza mwani wa unga, wenye madini joto ambayo tezi huyatumia kutengeneza homoni, wanaosema unatibu tezi. Mimi sina tezi. Kiwanda kilishabomolewa, malighafi hiyo nampelekea nani? Na kwa mwenye tezi inayoshambuliwa na kinga ya mwili wake mwenyewe, madini joto mengi kupita kiasi yanaweza kumharibia zaidi. Wapo pia wanaoagiza kwa ndugu zao Marekani vidonge vya tezi kavu ya mnyama. Dawa hizo ni za zamani kuliko levothairoksini, zina T3 nyingi kuliko tezi ya binadamu inavyotoa, na hutengenezwa kutokana na tezi ya nguruwe. Dada mmoja Mwislamu kwenye kundi letu alikuwa ameshalipia ndipo akaambiwa, na aliyemwambia alikuwa mgonjwa mwenzake. Muuzaji hakuwa na habari naye. Haya ndiyo matokeo ya “vipimo viko sawa, nenda”.

Niongeze jambo kuhusu bei, kwa sababu nalo huvaa koti la kitaalamu. Uingereza, pakiti ya vidonge vya T3 iliyokuwa takribani pauni 20 mwaka 2009 ilifika pauni 248 mwaka 2017. Madaktari wengi wakaelekezwa kupunguza kuiandika, na wagonjwa waliokuwa wamezoea wakaanza kukataliwa. Mwaka 2021 mamlaka ya ushindani ya huko iliipiga kampuni ya dawa Advanz na wamiliki wake wa zamani faini ya zaidi ya pauni milioni 100 kwa kupandisha bei kupita kiasi. Kwa hiyo mgonjwa wa kule aliyeambiwa dawa hii haina faida alikuwa na haki ya kuuliza: haina faida, au ni ghali? Na mimi huku, kama sababu ni kwamba T3 haipatikani kwenye maduka yetu, au bima haiwezi kuibeba, naomba niambiwe hivyo. Nitaumia, lakini nitaelewa, na nitaacha kubishana na mtu asiye na uwezo wa kunisaidia.

Sitaki kila anayechoka apewe T3. Wengi wanaochoka wanahitaji kitu kingine, kama mwenzangu yule. Ninachoomba kwa hospitali zetu ni kwamba malalamiko ya mgonjwa yaandikwe kama alivyoyasema, kando ya namba za maabara, ili daktari wa mwaka kesho ayakute. Sababu nyingine zitafutwe kwa utaratibu na mgonjwa aonyeshwe zilizotafutwa. Zikikosekana, apewe rufaa kwa daktari bingwa wa homoni, hata kama ni safari ya Dar es Salaam na foleni ya miezi. Kama kuna jaribio la kufanyika, lifanyike kwa masharti, kwa muda unaojulikana, mgonjwa asaini kwamba likishindwa dawa inasimama. Mimi ningesaini leo. Na kama likishindwa kwangu, nitakuwa wa kwanza kuwaambia wenzangu kwenye kundi.

Daktari wa ukurasa wa afya namheshimu, na ninamwomba aandike tena. Safari hii aeleze jambo moja: mwanamke asiye na tezi, anayemeza dawa yake kwa maji matupu, TSH yake nzuri, damu yake ya kutosha, moyo wake mzima, na hawezi kusimama darasani mpaka kengele ya mwisho, yeye daktari angemwandikia nini kwenye faili? Kliniki yangu ni mwezi ujao, ningependa kwenda na jibu lake mkononi.

Mwalimu wa shule ya msingi, Njombe
(Jina na anwani vimehifadhiwa kwa ombi la mwandishi)