Jina la bunduki kwenye kisu

Mhariri naomba nafasi. Nina bucha hapa Majengo, Moshi, juzi nimenunua kisu chenye jina la kampuni ya bunduki nikajua hapa nimepata chuma cha maana, siku ya tatu nachuna mbuzi makali yamelala kabisa, mpini unacheza mkononi, kidogo nijikate kidole. Jamani jina lisitudanganye! Kampuni nyingine, Smith & Wesson ya Marekani, iko kwenye bastola tangu 1852 lakini visu vingi vyenye jina lake vinatengenezwa China kwa leseni. Wauzaji tuambieni kiwanda na aina ya chuma. Mimi nimerudia kisu cha wahunzi wa kule Mamba, hapa Kilimanjaro, cha springi ya gari, nakinoa asubuhi kinafika jioni.

Mwenye bucha, Moshi