Kabla hujanunua pikapu ya briji, tuletee gitaa kwanza

Mwezi uliopita mteja wetu mmoja, mpigaji solo wa kwaya, alilipa shilingi 40,000 akiwa amenuna, na kabla jua halijazama tulikuwa tumeshasikia kutoka kwa watu watatu kwamba karakana yetu inatoza fedha zote hizo kwa kuunganisha nyaya mbili na kukaza skrubu mbili. Lawama hii huturudia kila malipo ya tumbaku yanapotoka na magitaa yanapotolewa mvunguni, kwa hiyo tumeona ni vyema tuijibu kwa maandishi. Na ieleweke mapema kwamba pikapu tunayoizungumzia ni ile inayokaa chini ya nyuzi za gitaa la umeme, si ile inayobeba marobota kutoka Urambo.

Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba wenye unene wa takriban milimita 0.06, maelfu ya mizunguko, na uzi wa chuma unapotikisika juu yake huzalisha umeme mdogo unaokwenda kwenye amplifaya. Karibu na briji, kile kipande kinachoshikilia nyuzi kwenye mwili wa gitaa, uzi hutikisika kidogo tu, ndiyo maana sauti ya hapo ni kali na nyembamba, na ndiyo maana watengenezaji wengi huiongezea pikapu ya briji mizunguko ili isizidiwe na ile ya shingoni. Sauti hiyo kali ndiyo wapigaji solo wa mji huu, uliotoa bendi za Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, wanaitaka ipenye katikati ya besi na ngoma. Ukichukua pikapu iliyotengenezwa kwa ajili ya shingo ukaiweka kwenye briji kwa sababu umeipata kwa bei nafuu, utailaumu bure.

Mteja wetu alikuja na gitaa la muundo wa Stratocaster ya kampuni ya Fender, lenye pikapu tatu za koili moja, na pikapu mpya aliyokwisha kuinunua, hambaka (yaani pikapu ya koili mbili) nyembamba inayoingia kwenye tundu la koili moja, iliyoandikwa kilo-omu 16, kipimo cha ukinzani wa waya wake. Aliichagua kwa namba hiyo, akiamini kwamba kubwa ndiyo yenye nguvu. Ukinzani huongezeka mizunguko inapoongezeka, lakini huongezeka pia waya unapokuwa mwembamba zaidi, na hausemi lolote kuhusu sumaku iliyomo. Pikapu ya koili moja ya kawaida husoma karibu kilo-omu 6, na hambaka ya mtindo ule ambao fundi Seth Lover aliubuni kwenye kampuni ya Gibson mwaka 1955 husoma kama 8, na hakuna aliyewahi kuziita dhaifu. Hiyo ya 16 ilitoa sauti nene iliyofunga, pikapu nyingine mbili zikamezwa, naye akadai kwamba tumeziharibu. Ilitubidi tuishushe mpya, tuzipandishe za zamani, kisha tubadilishe kitasa cha volyumu cha kilo-omu 250 kwa cha 500, kwa kuwa kile cha 250 hufaa koili moja lakini huizimia hambaka makali yake. Hizo ndizo nyaya mbili na skrubu mbili.

Hata hivyo yeye alikuwa na bahati, maana hakutumia patasi. Mwaka juzi tuliletewa gitaa kutoka Urambo ambalo seremala alikuwa amelichimba ili hambaka ya ukubwa kamili iingie. Kati ya tundu la pikapu na tundu la springi za briji pana ukuta mwembamba wa mbao, na skrubu zinazoshika briji zimeingia humo humo. Ukuta ulipopasuka, briji ikaanza kuinama na gitaa likakataa kabisa kukaa kwenye tyuni. Kuziba mbao ile kulimgharimu mwenye gitaa zaidi ya mara mbili ya bei ya pikapu. Wengine husahau kupima nafasi ya nyuzi: hambaka za kipimo cha Gibson hupangwa kwa milimita 49 hadi 50 kutoka uzi wa kwanza hadi wa sita, ilhali briji nyingi za Fender zinahitaji 52 au 53, kwa hiyo nyuzi za pembeni hupita kando ya vichwa vya sumaku.

Kuhusu rangi za nyaya, tunawaheshimu sana mafundi simu, lakini hambaka yenye nyaya nne si chaja. Kwa pikapu za kampuni ya Seymour Duncan waya mweusi ndio unaobeba sauti, kwa za kampuni ya DiMarzio sauti iko kwenye mwekundu na mweusi huunganishwa na mweupe. Anayebahatisha huishia na pikapu mbili zinazopingana, na zikifunguliwa pamoja sauti huwa kama inatoka ndani ya debe.

Lipo pia suala la mlio. Pikapu isiyoingizwa nta hupiga kelele ya kupasua masikio amplifaya ikifunguliwa sana, kwa sababu waya wenyewe hutikisika. Hapa Tabora nta ya nyuki si tatizo, na huenda ndiyo sababu watu huona kazi hii ni ya jikoni. Kijana mmoja alichemsha pikapu yake kwenye sufuria juu ya jiko la mkaa, akatuletea donge la plastiki lililopinda, waya umekatika ndani. Sisi huchanganya mafungu manne ya parafini na moja la nta ya nyuki, chombo kikiwa ndani ya maji ya moto, kipimajoto kisivuke nyuzijoto 65 za Selsiasi, kisha tunaitumbukiza pikapu na kukaa tukiitazama. Viputo vidogo hupanda kimoja kimoja kama vya chai inayotaka kuchemka; vinapokoma kabisa ndipo tunajua nta imefika katikati. Mlio wa kuunguruma wa nyumba isiyo na ethi (waya wa umeme unaokwenda ardhini) hautibiwi kwa nta, na hambaka huupunguza kiasi tu.

Kwaya moja ya Kaliua ilitujia kwa treni na pikapu mpya kwenye boksi, ikilalamika kwamba gitaa lao lina nyuzi mbili tu zinazosikika. Tulipolifungua begi tukaona gitaa lilikuwa limefungwa nyuzi za shaba za gitaa kavu, ambazo sumaku haizihisi vizuri isipokuwa zile nyembamba mbili za chuma kitupu. Tuliwauzia seti ya nyuzi za gitaa la umeme, tukawarudishia boksi lao bila kulifungua.

Yule mteja wetu wa shilingi 40,000 alianza safari yake kwa sababu sauti ilikuwa ikikatikakatika. Tulipopima tuliona jeki, tundu la kuchomekea waya wa amplifaya, ilikuwa imelegea na risasi yake ya kulehemu imepasuka, tukailehemu upya na kumweleza kwamba pikapu ilikuwa nzima; yeye akasisitiza tuweke mpya, nasi tukaweka. Ile ya zamani bado iko kwenye droo yetu, imefungwa kwenye karatasi yenye jina lake. Jana tumeipima tena, inasoma kilo-omu 5.9, naye anaweza kuja kuichukua siku yoyote.