Mwenyekiti kapitishwa kwa makofi, wanangu?

Wanangu, marahaba hata kama hamjaniamkia. Nilikuwepo mkutanoni kwenu Jumamosi, nimekaa nyuma kabisa, na hasira haijanitoka mpaka leo. Chama chenu kidogo kina ajenda moja tu, kubadili namna watu wanavyopiga kura, sasa ilipofika zamu ya mwenyekiti mtu kasimama "jamani muda umeenda, tumpitishe tu", mkapiga makofi, kwisha. Makofi! Nyinyi mnaotuimbia kila siku habari ya kupanga wagombea, wa kwanza, wa pili, wa tatu! Walikuwepo wanne pale, karatasi zipo, kalamu zipo. Mngeipiga hiyo kura mbele ya wageni, mkahesabu kwa sauti, wa mwisho akatolewa na kura zake zikahamia kwa chaguo la pili, mbona mzee mimi ningeelewa kuliko zile slaidi zenu zisizoisha.

Lakini tusiwaonee, mmejifunza kwetu. Kikao cha wazazi shuleni, ushirika, hadi nyumba za ibada, ni "anayepinga anyooshe mkono", na nani atanyoosha huku anaangaliwa?

Halafu mmerudi kwenye grupu la WhatsApp vita, wa uwiano (yaani viti vigawanywe kulingana na kura za kila chama) huku, wa kupanga kule, wiki haijaisha kuna wanaotaka kwenda kusajili chama chao. Hivi si nyinyi mnaosema kura zikigawanyika anapita asiyetakiwa?

Na punguzeni hesabu. New Zealand mwaka 1978, tena 1981, chama cha Labour walipata kura nyingi kuliko chama cha National ila viti vichache, wakabaki upinzani. Watu waliliona hilo kwa macho, ikaja tume, na 1993 wakaupigia kura mfumo wa uwiano ukapita. Uingereza 2011 wakaulizwa kuhusu kura ya kupanga, karibu 68% wakaikataa. Hata wingi hautoshi, jimbo la British Columbia huko Canada 2005 zaidi ya 57% walikubali mfumo mpya ukakwama, kiwango kilikuwa 60%, kwahiyo someni masharti kabla hamjashangilia.

Mengine haraka haraka: wekeni mahesabu ya michango wazi, andikeni mihtasari, anzeni na chaguzi ndogo, msiwatukane wasioelewa.

Huyo mwenyekiti mimi nampenda, nahisi hata kwa karatasi angeshinda. Basi rudieni mkutano ujao tuone. Nitakaa kulekule nyuma, na kalamu nakuja nayo.