Kabla ya kulipia tangazo kwenye jarida la barua pepe

Wapendwa, habari za asubuhi. Anayekuuzia nafasi ya tangazo kwenye jarida lake la barua pepe, usimuulize tu ana wasomaji wangapi. Muulize wangapi hufungua na wangapi hubofya. Mfumo anaotumia kutuma unamwonyesha hayo. Muulize pia wanaishi wapi. Msomaji wa Dar ataagiza dagaa wakavu wa soko la Mwaloni Kirumba hapa Mwanza, lakini hatakuja kusuka nywele Igoma.

Tangazo libebe bidhaa moja. Ukirundika dagaa, sangara, vitenge na gesi kwenye mistari mitano, msomaji hajui ashike lipi. Taja bei, inavyomfikia, na namba ya WhatsApp. Bei msifiche, tafadhali sana! Kumwambia mteja aje faragha kuiuliza kunamfukuza. Wengi wanasomea kwenye simu, basi maneno ya kwanza ndiyo yaseme jambo.

Weka neno maalumu, mfano ZIWA, anayelitaja apate punguzo. Utajua nani kaletwa na tangazo.

Anwani za watu msizikusanye bila ridhaa, tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Mwenye rasimu aitume hapa kabla ya jioni, tuipitie pamoja.