Salamu za Sikukuu kwa Wote Wanaosubiri Zamu

Heri ya sikukuu, ndugu zangu wa pedi za gemu, dadu na karata. Krismasi njema kwa wanaoisherehekea, Mwaka Mpya mwema kwa wote, na kwa wale ambao sikukuu kwao ni ruhusa tu ya kulala mpaka jua likolee, usingizi mnono. Mwaka umetukimbiza. Sasa umefika ule msimu pekee ambao mtu mzima mwenye madaraka yake anaweza kukaa sakafuni, amekunja miguu, anagombania kete ya ludo na mtoto wa darasa la pili, na hakuna wa kumuuliza kama amekosa kazi.

Najua kinachoendelea majumbani wiki hizi, maana ni kilekile kila mwaka. Boksi linashushwa kutoka juu ya kabati. Ndani yake nyaya zimeshikana kiasi kwamba hujui ipi ya umeme, ipi ya picha. Ubao wa ludo umeachana kwenye mkunjo na unaponea kwa gundi ya karatasi. Kete moja ya njano haipo tangu zamani. Mahali pake kuna kifungo cha shati, na kifungo hicho kikishinda mara moja tu, kesho yake watu wanakigombania kuliko kete zilizo kamili. Sijaona bado nyumba yenye seti isiyopungua kitu. Nikiiona, nitaamini kwamba hapo hapachezwi.

Huwa najiuliza kwa nini tunarudi huku, wakati gemu mpya zipo tele, zina picha kali hadi jasho la mchezaji linaonekana. Jibu la haraka ni utoto. Silipingi, ila halitoshi, kwa sababu kuna vijana waliozaliwa kaseti za gemu zikiwa zimeshaingia kabatini, na ukiwawekea Super Mario Bros. ya mwaka 1985 hawabanduki. Wao wanakumbuka utoto wa nani? Mimi nadhani kinachotuvuta ni kusubiri zamu. Pedi mbili, watu sita. Mario anatumbukia shimoni, Luigi anapokea. Ndivyo gemu yenyewe ilivyopangwa, wawili hao hawachezi kwa pamoja hata kidogo, mmoja anakwenda mpaka afe ndipo mwenzake aingie. Wanne waliobaki wamejipanga nyuma, wanahesabu maisha ya wenzao bila huruma.

Tabia hiyo ilitoka kwenye mashine za sarafu. Mwenye mashine alitaka uingize sarafu, ucheze kidogo, ufe, umpishe mwingine mwenye sarafu yake. Ndiyo maana Pac-Man ya 1980 inakupa maisha machache na kukuachia vizuka vinne, kila kimoja na hila yake: chekundu kinakufuata nyuma moja kwa moja, cha waridi kinalenga mbele ya pale unapoelekea ili kikukatie njia. Uchu wa biashara, naam, lakini umetuachia adabu moja nzuri, kwamba gemu ilijua kumwinua mtu kwenye kiti. Nyingi za siku hizi zimetengenezwa kwa nia ya kinyume kabisa: usiondoke, kuna zawadi ya leo, kuna ya kesho, ukikosa siku moja umepoteza. Hizo hazina zamu. Kila mtu na simu yake, kila mtu na kona yake, na sebule imejaa watu walio kimya.

Tena anayesubiri hayupo pale kutazama tu. Chukua Space Invaders ya 1978. Maadui wanashuka kwa safu tano, kumi na mmoja kila safu, 55 kwa jumla, na kompyuta ya wakati ule ilikuwa inahangaika kuwachora wote. Kila ukiua mmoja mzigo unapungua, na waliobaki wanakwenda kasi zaidi. Tomohiro Nishikado, aliyeitengeneza, aliliona hilo akaliacha lilivyo, na udhaifu wa mashine ukawa ndio utamu wa mchezo. Zile noti nne nzito zinazojirudia nazo zinaongeza mwendo. Kwa hiyo aliye nyuma, hata kama amegeuka anapiga soga na mtu mwingine, anasikia kwamba mwenzake amebanwa, na anaanza kusugua viganja kabla hajaitwa.

Na Tetris je? Alexey Pajitnov aliiandika Moscow mwaka 1984 kwenye kompyuta isiyoweza kuchora picha. Matofali yake ya kwanza yalikuwa mabano tu ya maandishi. Maumbo ni saba, kila moja la miraba minne, basi. Ilipofika kwenye Game Boy, kifaa cha gemu cha mkononi, mwaka 1989 kioo kilikuwa kidogo mno, ikabidi watazamaji wamwekee mchezaji videvu begani. Hapo ndipo kelele zinapoanza: “Geuza! Geuza tena! Siyo hapo, wewe!” Na aghalabu aliye nyuma ndiye mwenye haki. Yeye hana hofu, vidole vyake vimetulia, analiona shimo linavyojitengeneza upande wa kushoto wakati mwenye kifaa amekaza macho kwenye tofali moja linaloshuka. Mpe yeye sasa. Anakosea palepale. Desemba 21, 2023, kijana wa miaka 13 huko Marekani aliisukuma Tetris ya NES, ile mashine ya zamani ya Nintendo, mpaka ikaganda yenyewe, jambo ambalo hakuna mchezaji aliyejulikana kulifikia kabla yake kwa zaidi ya miaka 30. Sikukuu njema kwake popote alipo. Sisi wengine tuendelee kufia hatua ya tisa kwa amani.

Wenye umri fulani watasema gemu yao ya kwanza haikuwa kwenye televisheni. Ilikuwa kwenye simu. Nyoka, aliyetengenezwa na Taneli Armanto kwa ajili ya Nokia 6110 mwaka 1997, alikuwa na kanuni inayoelezeka kwa pumzi moja: kula, refuka, usijing’ate. Simu yenyewe ilikuwa ya mtu mzima, imeazimwa kwa ahadi ya “mara moja tu”. Mwanzoni unamzungusha kwa madaha, uwanja ni wako. Baadaye mkia unajaa kila mahali, kidole gumba kinatoka jasho, na ukijigonga simu inapokwa kabla hujainua kichwa. Na mara nyingi rekodi ambayo watoto hawakuweza kuivunja ilikuwa ya mama mwenye simu, aliyecheza kimyakimya wao wakishalala.

Mezani kusubiri kuna ufundi wake. Bao lina mashimo 32 na kete 64, wachezaji ni wawili tu, lakini wanaozunguka ndio wengi, na mateso ya kuona kete za kuliwa zimeachwa huku umekatazwa kusema ni makubwa kuliko ya kufungwa. Dhumna ni ugomvi. Karata ni ugomvi wenye siri. Ludo ilisajiliwa Uingereza mwaka 1896, ikiwa imechotwa kwenye pachisi ya India, na nadhani tangu hapo hazijatokea nyumba mbili zilizoicheza kwa kanuni zilezile. Kwa hiyo naomba, kwa ajili ya amani ya sikukuu, mkubaliane kabla dadu haijaruka. Kete inatoka kwa sita peke yake? Sita tatu mfululizo zinafutwa? Kete mbili zikikaa pamoja zinafunga njia? Dadu ikidondoka sakafuni inahesabika? Hilo la mwisho limevunja undugu kuliko yote. Kwenye Uno nako, kuweka karata ya kuongeza nne juu ya nyingine ili mzigo umwangukie wa mbele hakumo katika kanuni rasmi, lakini kanuni rasmi hazitakuwepo sebuleni kukutetea.

Mchezo ninaouogopa msimu huu ni Monopoly. Asili yake ni mchezo ambao Elizabeth Magie, mwanamke wa Marekani, aliupatia hataza mwaka 1904 akitaka watu waone jinsi wenye ardhi wanavyowanyonya wapangaji. Somo lilipotea njiani, unyonyaji ukabaki, na leo shemeji anacheka mpaka machozi akimnyang’anya mwenzake nyumba ya mwisho. Lakini hilo silo linalonisumbua. Kinachonisumbua ni kwamba Monopoly inafilisi watu mmoja mmoja, na aliyefilisika hana tena zamu ya kusubiri. Anabaki anazungukazunguka, anafungua friji, mwishowe anaenda kulala kanuna. Kama hamna budi kuucheza, fuateni kanuni mbili ambazo wengi wanazipuuza. Mtu akikataa kununua kiwanja alichokanyaga, kiwanja hicho kinapigwa mnada palepale na kila mtu anaweza kutaja bei. Na faini zinarudi benki, hazirundikwi katikati ya ubao zimsubiri atakayetua kwenye maegesho ya bure. Ile chungu ya fedha ya katikati ndiyo inayoufanya mchezo ukeshe.

Linganisha na Catan, mchezo wa ubao alioutoa Klaus Teuber mwaka 1995. Humo dadu zikitua kwenye namba ya ardhi iliyopakana na kijiji chako unapata mali hata kama aliyezitupa ni mpinzani wako. Basi kila mtu ana sababu ya kuzikodolea macho dadu zisizo zake. Ila jihadharini na saba, ambayo kwa dadu mbili ina njia 6 kati ya 36, nyingi kuliko namba nyingine yoyote, na ikija inaamsha jambazi. Wenzetu wa Dungeons & Dragons, ambao mchezo wao wa kuigiza hadithi mezani ulitoka mwaka 1974, nawasalimu kwa mbali: zamu zenu ni ndefu, hadithi zenu ni ndefu zaidi, na ile dadu ya pande ishirini sijawahi kuiona ikimhurumia mtu.

Maneno machache kwa mafundi wa familia, wale wanaoitwa kila kitu kikigoma. Kupuliza kaseti hakusaidii. Tulipuliza wote, gemu ikawaka, tukaamini. Kilichosaidia ni kuitoa na kuirudisha, ambako kuliisogeza miguso yake ya umeme ikakaa vizuri, huku mate yetu yakiichakaza taratibu. Pamba yenye spiriti kidogo, iachwe ikauke, inatosha. Kaseti zinazohifadhi safari yako nyingi zina betri ndogo ya duara ndani, na betri hizo hazikuumbwa ziishi milele, kwa hiyo usishangae ukikuta ufalme wako umefutika. Bunduki ya plastiki ya ile gemu ya kuwinda bata haitafanya kazi kwenye televisheni bapa. Ilitegemea jinsi TV za chogo zilivyochora picha mstari kwa mstari. Na ukiona Mario anaruka akiwa amechelewa, usikimbilie kusema vidole vimezeeka. Televisheni mpya huichakata picha kabla ya kuionyesha, na hapo ndipo ucheleweshaji unapoingia. Tafuta kwenye mipangilio ile hali ya gemu, iwashe. Baada ya hapo ukiendelea kutumbukia, basi ni vidole.

Kuna jambo jingine kuhusu boksi hilo la kabatini. Kadi ya kumbukumbu ya PlayStation ya kwanza ina nafasi 15 tu, na gemu nyingine zilikula nafasi kadhaa kwa mpigo, kwa hiyo kila familia ilikuwa na vita vya nani afute chake. Mwaka huu baadhi yetu tutaichomeka kadi hiyo na kukuta timu iliyosajiliwa na kaka ambaye hayupo tena, ligi yake imesimama katikati ya msimu, yeye anaongoza. Wengine wanaiendeleza ligi hiyo kwa niaba yake, wengine hawaigusi, na sioni aliyekosea. Ninachoomba ni kwamba asitokee mtu wa kuifuta ili apate nafasi. Kadi nyingine bado zinapatikana.

Basi heri ya sikukuu kwenu nyote. Kwa mlio zamu ya usiku kazini na mnacheza drafti kwa simu na mtu aliye mbali, hatua moja kwa saa, mkipata upenyo. Kwa mabibi wanaosema hawajui kucheza, kisha wanawafunga wote na kurudi kwenye kiti chao bila kutabasamu. Kwa wanaoiba fedha za benki, tunawajua. Kwa watoto wadogo mliopewa pedi isiyochomekwa popote na mnabonyeza kwa nguvu zote mkiamini ni ninyi mnaoruka: siku yenu inakuja, na ikifika msiwe na huruma kwa wakubwa zenu. Na aliyeshika dadu tangu nianze kuandika salamu hizi, tafadhali, itupe.